Kukopa Harusi

Saa nane usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Feni inatikisa kichwa kama mtu anayekataa shauri.
Kule ghalani mizani ya mkonge inaisubiri programu yangu,
na programu inakula.

Asubuhi megabaiti arobaini. Adhuhuri mia mbili.
Magharibi mashine inapumulia mdomo,
na kabla ya adhana ya alfajiri imezirai,
marobota yamepangwa hadi mlangoni.
"Zima, uwashe," husema Shembilu.
Miezi minne tunazima, tunawasha,
tunakausha sakafu, bati linavuja.

Lugha yenyewe niliitunga mimi.
Ina *kama*, ina *sivyo*, ina *rudisha*.
Mkalimani wake nikampa daftari:
kila kitu, na idadi ya wanaokishika;
ikifika sifuri, chumba ki wazi, apange mwingine.
Mali bila daftari, mwajua inavyopotea.

Mwezi jana nilikosea upande wa pili,
niliachia mapema.
Jina la mkulima likabishiwa hodi,
kumbe limehama, ndani umeshapanga uzito.
Risiti ikatoka: *Ndugu Mia Mbili Hamsini Kilo.*
Tulicheka sisi.
Mzee Kihiyo aliikunja mara nne, akaitia mfukoni,
akauliza alipwe nani sasa.

Leo nakitafuta kinachobaki.
Natega vichungulio kila njia,
na hitilafu ikiniona inanyamaza
kama watoto waliovunja kitu.
Nahesabu kwa vidole. Nahesabu kwa kalamu.
Nalala kidogo juu ya kibodi,
naamka na herufi moja imejaza ukurasa.

Mstari wa mia nane na kumi na mbili.
Uzito ukikataliwa,
mkalimani hutokea mlango wa uani
na bakuli la watu mkononi.
Kila robota bovu, bakuli moja.
Yeye anayewasimamia wote kwenye *rudisha*,
asiyesamehe nukta,
hajarudisha hata siku moja.

Nami ndiye niliyemfunza.
Mezani hapa, lina kalamu na nyaya,
bakuli la Bi Mwanaheri, la futari,
na sasa ni Mfunguo Tatu.

Naongeza mstari mmoja. Nawasha.
Namlisha marobota mabovu elfu kumi.
Arobaini.
Arobaini.
Nakwenda kuosha bakuli, narudi na mikono ya povu.
Arobaini na moja.