Inchi Moja

Barua ilikuja kwa simu, nikaenda kuichapisha
kwa kijana wa kompyuta pale Landhies, shilingi kumi kila ukurasa,
kurasa nne. Sikutaka kuisoma kwenye kioo kilichopasuka.
Gredi ya Kumi. Jina lake lote, hadi lile la bibi:
Nthenya Peninah Wayua.
Hisabati, amezidi matarajio. Kiswahili, amekaribia matarajio.
Matarajio ya nani, hawakuandika.
Kisha orodha.

Godoro, futi mbili na nusu.
Blanketi mbili nzito, maana huko Nyahururu baridi haina adabu.
Shuka jozi mbili. Ndoo yenye kifuniko. Kamusi.
Rimu ya karatasi. Fyekeo:
mtoto wa Makadara na fyekeo,
nyasi amezionea uwanjani, nyuma ya waya.
Na namba kumi na moja:
sanduku la bati, moja, inchi kumi na nne kwenda juu,
lenye komeo na kufuli.

Hapo nikacheka peke yangu.
Miaka kumi na tisa niko Kamukunji nagonga bati.
Kila Januari wazazi hunijia na karatasi kama hii,
wanasema, "Fundi, punguza,"
nami napunguza.
Sisemi napunguza nini.

Kila sanduku nalinyima inchi moja ya kimo.
Nani atapima? Mtoto analia, mama anahesabu nauli.
Yakifika kumi na matatu, bati la kumi na nne ni la bure.
Hilo la bure ndilo maziwa.
Ndilo lililomvisha Nthenya sare tangu chekechea.

Mimi pia niliitwa, zamani, kidato cha kwanza.
Kwetu Mwala sanduku lilikuwa moja
na kaka Kioko alikuwa ameshalibeba.
Barua yangu mama aliitia ndani ya Biblia
ingoje karo. Ikangoja.
Mwisho ikawa ya kushikia ukurasa.

Nilitaka huyu awe daktari.
Fomu ikaja na njia tatu: sayansi na ufundi,
sayansi ya jamii, sanaa na michezo.
Mwalimu Kerubo akasema, mtoto achague, mzazi atie sahihi.
Nikatia, bila miwani.
Jioni ndipo nikasikia masomo yake:
hisabati, fizikia, na ufundi wa vyuma.
Vyuma!
Nikamtandazia viganja vyangu mezani, mbele ya ugali.
Hakujibu. Alivigeuza, akavitazama pande zote
kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

Jumamosi nikamtengenezea lake.
Bati jipya, si la pipa. Ribiti mpya. Rangi ya buluu,
jina kwa nyeupe, herufi zimesimama wima.
Akaja na rula ya jiometri, akapiga magoti vumbini.
"Baba, karatasi inasema kumi na nne.
Hili ni kumi na tatu."

Ouko, kibanda cha pili, alikohoa
kama aliyemeza msumari.
Naapa sikukusudia. Mkono ulikata wenyewe,
mkono umezoea,
haukuuliza sanduku ni la nani.

Tuling'oa ribiti moja moja hadi giza likaingia.
Yeye alishika patasi, mimi nyundo,
kisha yeye nyundo.
Pigo lake la tatu lilikuwa safi kuliko langu
na sikujua nifurahi au nifanye nini.

Jumatatu akasafiri na mama yake.
Rula ilibaki juu ya fuawe. Kama aliisahau
au aliiacha, sijapiga simu kuuliza.
Saa tatu mwanamke wa Huruma akaja na karatasi,
mvulana nyuma yake, shati limemzidi.
"Fundi, punguza."
Nikatazama rula.
Nikamwambia bei, bei kamili, na kwa nini.

Akaenda kwa Ouko.