Mpaka Kwenye Masharubu

Ilishuka gatini pamoja na magunia ya unga,
ikapandishwa juu ya punda wa kina Famau:
masanduku mawili, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na ami Shekuwe mbele, mkono hewani,
akiwafukuza watoto, akizifukuza na kuta zenyewe,
maana vichochoro vya Mkomani havikukatwa
kwa kitu chenye kisogo kirefu namna ile.

Tuliiweka chini ya zidaka.
Mama akaifumia kitambaa. Disketi
tukazipanga juu, baina ya bakuli za kale na chetezo,
kila moja na jina lake kwa wino wa bluu:
BARUA. HESABU. MCHEZO. USIFUTE.

Kabla ya kuiwasha tulivua viatu.
Hakuna aliyetuamuru.

Ami alichomoa simu, akachomeka waya,
nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza:
kwanza vilio vya namba za Mombasa,
kisha kukoroma, kisha ukelele, kisha mawe
yanayosagwa na mtu mwenye mafua.
Bibi Somoe akasimamisha tasbihi:
"Mwamtinda nani humo?"
Paka alikinusa kipanya, mkia hadi kichwa,
akaenda zake.

Kila dakika ilikuwa na bei, na bei ilikuwa ukutani,
kwa penseli, kwa mkono wa mama.

Basi usiku mmoja wa Rajabu
kaka yangu Mahfudhi alituma picha kutoka Toronto.
Miaka mitatu hatujamtia machoni.
Ikaanza kuteremka, mstari kwa mstari,
kama mkeka unaokunjuliwa na mtu asiye na haraka.
Mbingu nyeupe. Tukangoja.
Kofia ya sufi. Tukangoja.
Kahawa ikaja, ikapoa.
Paji la uso. "Kovu lake lile," mama akasema,
"la ngazi." Nyusi. Macho mawili
yakitutazama bila kujua tuko wangapi.
Bibi akanyoosha mkono, akagusa kioo,
malaika ya mkono wake yakasimama yote,
akasema, "Yu hai. Nimemsikia."

Pua. Masharubu (lini ameota masharubu?)
na hapo mitambo ya stima ikakohoa,
mji wote ukazima.

Tulikaa gizani tukiendelea kutazama.

Kesho yake picha ilikataa katukatu.
Mama alishikilia kwamba mwanawe alikuwa anacheka.
Ami akasema hapana, mtu haichekei baridi ile.
Wiki nzima walibishana juu ya mdomo
ambao hakuna aliyeuona,
na tangu kaka aondoke sikuwahi kumsikia
akitajwa mara nyingi hivyo.

Chumvi ilianza na herufi M.
Ikaila kimyakimya, kama inavyokula bawaba.
Mama akawa anamwandikia "ahfudhi wangu",
akamwambia "sote tu wazia",
naye akajibu: nawaza, mama,
kila siku nawaza.

Sasa ana masharubu meupe, hupiga kila Ijumaa.
Uso wake huja mzima, meno na yote,
kabla sijamaliza kusema haloo,
nami hujikuta nautazama wangu,
ule mdogo, pembeni mwa kioo.
Bibi hayupo. Ami hayupo.
Ganda la kompyuta liko darini, limeota mrehani.

Imebaki disketi moja kwenye kidaka, USIFUTE,
na sikumbuki ni nini tulichokiogopea.
Hakuna chombo mji huu kinachoweza kuisoma;
nimeuliza mpaka Malindi.
Wakati mwingine, kaka akiwa anaeleza habari za theluji,
naisogeza bati yake kwa ukucha,
ndani mna utando mweusi, mwembamba,
naiachia, inarudi yenyewe: ta.
Naisogeza tena.
"Nini hicho kinacholia?" huniuliza.
Nasema mlango.