Tuta Lisilokuwepo

Chumba changu Tabata kina feni moja
na nimeielekeza kwenye kompyuta.
Mimi najipepea kwa bahasha ya hospitali.
Mashine ikipata joto inazima, na ikizima
mwaka sitini na moja unapotea wote,
pamoja na marobota ya katani niliyoyapanga
moja moja, mia mbili na kumi na nne,
toka mstari wa kuanzia hadi kalavati.

Mzunguko wenyewe haupo.
Ulikuwa nyuma ya Tegeta, barabara za shamba la mkonge
zilizofungwa Jumapili moja kwa mwaka
mabwana washindane.
Sasa pana duka la nondo, zahanati, baa mbili
na kanisa la mabati lenye spika isiyochoka.
Nimepita hapo na futi kamba, watu wakidhani
nimekuja kuweka alama ya X kwenye kuta zao.
Nimenunua picha za anga, nimepima vivuli vya minazi
nijue minazi ilikuwa mirefu kiasi gani.

Nina matoleo matatu.
La hamsini na nane, vumbi tupu.
La sitini na moja, lami nusu, nusu changarawe.
La sitini na nne, walipoinyoosha kona ya tatu
baada ya gari kuingia ghalani na kutoka limevaa singa
kama bibi harusi.

Aliyeniharibia hesabu ni Mzee Kondo Mwinyimvua,
fundi, Manzese, magoti yamekwisha.
Jina lake halimo katika matokeo yoyote:
kazi yake ilikuwa kuijaribu gari ya bwana alfajiri,
kusikiliza injini, kuirudisha,
kuifuta alama za vidole vyake.

Nilimkalisha kwenye usukani.
Akasema gari hili halina harufu.
Akasema mkonge wangu ni mrefu mno, mkonge hukatwa.
Kisha akanyamaza, akaendesha,
na mguu wenye goti bovu ukawa mguu wa mtu mwingine.
Kona ya kwanza, safi. Ya pili, aliikata kwa ndani
mahali ambapo mimi, baada ya miezi minane,
sikujua kwamba panakatika.

Ya tatu akashika breki.
Hakuna kitu. Barabara nyeupe, jua la kuchora.
Mzunguko wa pili, breki palepale.
Wa tatu, vilevile.

Nikarudi kwenye picha za anga na lenzi.
Kama kuna tuta, kivuli chake kingekuwa wembamba wa uzi.
Nikauona uzi. Au niliutaka.
Nikajenga tuta, sentimita kumi na mbili, udongo mwekundu.
Wenzangu tunaoshindana usiku wakaanza kulalamika:
magari yanaruka, tuta limetoka wapi, ondoa.
Nikawajibu kwa kiburi: nina shahidi.

Shahidi akaja Jumamosi, akalipanda tuta langu,
akacheka hadi akakohoa.
"Tuta gani? Pale palikuwa laini kama sinia.
Pale alikuwa anakaa Mwanahawa na vitumbua vyake.
Sasa ukipita mbio, mchanga si unaingia kwenye vitumbua?
Na yeye atakuonaje?"

Nikahesabu. Sekunde tatu na nusu kila mzunguko.
Ukimwondolea hizo, fundi wa alfajiri
alikuwa mbele ya kikombe cha mwaka ule,
mbele ya picha ukutani na wote waliosimama ndani yake.
Sikumwambia. Labda alijua.

Usiku nimelisawazisha tuta.
Pembeni, upande wa kulia, nimechora kigoda,
beseni, kitambaa cheupe juu ya beseni.
Uso sikuuweza. Nimempigia simu kuuliza kanga ya rangi gani.
Units za LUKU zimebaki mbili, mita inalia,
na yeye hana haraka, anakumbuka pindo kwanza, kisha mji.
"Halafu," akasema, "umweke kwenye ile ya sitini na moja tu.
Ya sitini na nne usimweke.
Tulikuwa tushahamia Magomeni."