Herufi Mbili Zinatosha

Wateja wangu wa Birere hawaipendi skrini yangu.
Nyeusi, tupu, haina hata picha moja ya kugusa,
haina saa, haina ua, haina mlima wa theluji wa watu wengine.
"Weye Kavugho, masini imekufa?"
Haijafa. Imenyamaza tu.
Nyeusi kama uwanja ulio nyuma ya kibanda hiki,
ambapo moto wa Nyiragongo ulipita, ukapoa, ukawa sakafu,
nasi tukajenga juu yake bila kuuliza chini yuko nani.

Kipanya kilikufa mwezi wa tatu, waya ukitafunwa na panya.
Mambo ya ndugu hayo, nikasema,
na Mbusa akacheka mpaka akakaa chini.
Ndiye aliyefuta picha zote.
"Kumbukumbu ya masini hii ni fupi kuliko ya mdeni.
Tusiibebeshe mapambo."
Akashika vidole vyangu, akaviweka: kitufe hiki na hiki, pamoja.
Juu kabisa ukafunguka mstari,
mwembamba kama mwanga chini ya mlango wa jirani,
na ndani yake majina yamepangana, yanangoja.
"Usitafute. Ita."

Nikaandika *a*. Majina kumi na manane.
*an*. Matatu.
*and*, na likabaki moja, lile la kuandikia barua,
likaja mbio
kama mtoto aliyesikia jina lake na harufu ya sambaza zikikaangwa.

Tangu siku ile vidole vyangu vina vichochoro vyao.
*ch*, napiga chapa. *pi*, picha za pasipoti.
*he*, hesabu za jioni, ambazo siziiti kila jioni.
Masini inajifunza nani anaitwa sana, inamsogeza mbele.
Wasioitwa wanarudi nyuma, lakini hawafukuzwi.
Nimelifikiri hilo mara nyingi, karatasi ikikwama.

Mbusa alikwenda Bunia kufunga antena. Simu yake haipatikani.
Usiku mmoja, sina mteja, niliufungua mstari nikaandika *mb*.
Sikutegemea kitu.
Likabaki jina moja: *mbusa-kalale*.
Nikabonyeza.
Masini ikazima.
Nilicheka peke yangu gizani,
kisha haikuwa kicheko tena.

Leo mama Kahindo wa Murara amekuja na karatasi ya parseli,
imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekuwa matundu.
Nyumba iko chini, mita mbili za jiwe. Barabara nayo.
Anataka barua kwa watu wa ardhi.
"Nitaanzaje, na hakuna cha kuwaonyesha?"
Umeme umekatika. Betri ni kumi na moja kwa mia.
Nabonyeza viwili. Mstari unawaka juu ya weusi.
*and*.

"Anza na majirani, mama."
Anafumba macho.
Kulia, Paluku, fundi wa chukudu.
Kushoto, mjane Katungu, yule wa bomba,
ambaye alikuwa akiuza maji na kukuhesabia madumu mara mbili.
Nyuma, mti wa parachichi wa mtu ambaye
jina lake
limekaa hapa, hapa kabisa, anagusa koo.
"Linaanza na Si. Sim. Sio Sim."
Betri tisa.
Namwambia usilisukume, mama, taja tu ulizo nazo,
mengine yatajiondoa yenyewe.
"Si. Sik."
Mlango unaingiza vumbi na kelele za wauza vitenge.
"Sikuli!" Anapiga meza, kalamu zinaruka.
"Sikuli! Na mbwa wake alikuwa na jicho moja!"

Sasa hanyamazi tena. Ananipa rangi ya geti,
ananipa ngazi tatu, ya pili imevunjika,
ananipa upande jua lilikoingilia jikoni.
Betri sita.
Sijui watu wa ardhi watafanya nini na mbwa,
lakini naandika mbwa.