Nimekufumania, Urho

Nilidhani ni gia.
Wiki nzima trekta liligonga kwa chini, ngo, ngo,
kama mgeni asiye na haraka,
na kila nilipoachia klachi
liliguna, likasogea hatua moja, likasusa.

Basi leo nimelipandisha juu ya matofali,
nikatandika magazeti, nikalala chali
na tochi menoni, mwanamke wa miaka sabini na moja,
grisi ikinidondokea shingoni.
Bolti nne. Ya tatu ilikataa katakata.
Nikaipaka mafuta, nikaiacha, nikaenda kunywa kahawa.
Niliporudi ilifunguka kwa mkono, bila haya.

Nikaichomoa shafti.
Urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole,
chuma cha mwaka ule mgodi wa shaba ulipofungwa,
na pale inapoingia kwenye beringi
imelika, imejifanyia kiuno cha nyigu.
Tundu la pini, lililotobolewa duara,
limekuwa yai.

Na ndipo nilipoliona.
Limezungushwa kiunoni mara mbili, kwa ustadi,
limebanwa, limesuguliwa likang'aa:
bati la kopo la sardini.
Samaki mmoja bado anaonekana, jicho na nusu ya pezi,
na herufi tatu za jina la kiwanda.

Nimekufumania, Urho.
"Nimeshalitengeneza," uliniambia, ukinawa mikono,
majira yale Aila alipovunjika mguu,
na mimi nikakuamini, nikakukaangia mayai.
Miaka kumi na tisa!
Theluji ya miaka kumi na tisa
imesukumwa na sardini.

Nilicheka pale chini mpaka tochi ikaanguka.
Kisha nikanuna. Kisha sijui.
Wanaume wa Michigan ya juu, mnakufa mkituachia
kila kitu kimefungwa waya:
mlango wa sauna, bomba la jikoni,
kiti cha ukumbini kisichotakiwa kukaliwa na mgeni,
na huo moyo wako, daktari alikwambia uende mapema,
ukasema kwanza viazi vitolewe.

Vilitolewa. Magunia kumi na moja.

Nimeipeleka shafti kwa Reino Salmela,
mwenye kerezo ndani ya banda la ng'ombe aliokwisha kuwauza.
Akapitisha ukucha penye kiuno, akaguna.
Akapajaza kwa kulehemu, akapakereza,
nyuzi za chuma zikajikunja sakafuni, buluu, zikifuka moshi.
Bati akaliweka kiganjani
akalitazama kuliko alivyoitazama shafti.
"Karibu nusu milimita," akasema. "Alikisia vizuri."
Akataka kulitupa. Nikanyoosha mkono.

Jioni nimeirudisha. Pini mpya, beringi mpya,
grisi bila uchoyo.
Ziwa lilikuwa limenyamaza, ule unyamavu wake
ambao kila mtu huku huuelewa na kwenda kutafuta koleo.
Nikawasha. Likanguruma. Nikatia gia, likaenda,
likaenda kweli, mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi,
na chini, upande wa mbele, ambao Reino hakuugusa:
ngo.
Ndogo. Mtu mwingine asingeisikia.

Kufungua tena? Usiku huu? Na theluji kesho?

Nimeingia jikoni, nimefungua kabati,
nimekula sardini kwa mkate mweusi, nimesimama wima,
nimelisuuza kopo kwa maji ya moto,
kisha nikauchukua mkasi wa bati, ule wako,
wenye mpini uliofungwa waya.

Aila akipiga simu asubuhi
nitamwambia nimeshalitengeneza.