Mfuko wa Ndani

Daftari langu la vipimo halijui kumpendeza mtu.
Januari: kiuno, inchi hamsini na mbili.
Adelina Swai, wakala wa forodha, gauni la kitenge,
"liache lipumue, fundi, mimi ni mtu wa kula."
Machi akaenda kupunguzwa tumbo;
alilisema hivyo hivyo, kama anayepeleka sketi kwa fundi.
Juni: arobaini na tatu.
Septemba: thelathini na saba.
Kila mwezi nabana, nakata, vipande natia guniani,
gunia likanenepa yeye akikonda,
tukacheka, hapa Magomeni, umeme umekatika,
na cherehani ya miguu haijali umeme.

Alinisimulia akiwa amesimama, pini zimemzunguka.
Tumbo lililobaki ni kama ndizi moja ndogo.
Vijiko vitatu vya uji, basi, shukuru.
Na daktari alimwambia: pombe usiiguse.
Mwaka ukipita, bado iogope.
Zamani mgeni huyo alikuwa na sebule ya kungojea;
sebule tumeivunja.
Sasa akibisha hodi, yuko chumbani.

Mimi sinywi. Lakini neno lile nililielewa:
ukipunguza nguo, mshono wote unabeba zaidi.

Novemba, sendofu ya mdogo wake, ukumbini Sinza.
Glasi moja ya mvinyo, ya kugonganisha tu.
Yeye aliyekuwa akimaliza bia sita
na kuhesabu chenji asikosee shilingi
akamwona mshereheshaji ana vichwa viwili.
"Dakika kumi, fundi! Nimekuwa wa bei rahisi!"
Akacheka.
Mimi nilikuwa na pini mdomoni.

Kidogo kidogo hujaza kibaba, tunaambiwa.
Hatukuambiwa itakuwaje
kibaba kikiwa kijiko.

Februari: thelathini, na nywele zinabaki kwenye kitana.
Akaniomba mfuko. Ndani ya bitana, upande wa kushoto,
urefu wa shibiri, mdomo mwembamba.
"Wa simu," akasema.
Simu yake ilikuwa mezani pangu, pana kama sahani.
Niliiona. Nikashona.
Nilishona vizuri, hilo ndilo linaloniuma,
mshono mara mbili, usiachie kwa uzito.

Akivaa, akasema bila kuulizwa:
"Njaa haikufa, fundi. Walibomoa nyumba yake, ikahamia kwa jirani.
Wali siutamani tena.
Natamani saa kumi na moja ifike."
Kisha saa kumi na moja ikawa saa sita.

Aprili alianguka kwenye foleni ya benki, Posta.
Mafunda matatu, tangu asubuhi hajala.
Walinzi walinusa, wakamlaza kivulini:
kalewa huyo, mwacheni alale.
Kumbe sukari inashuka mwilini
kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.
Dada wa usafi ndiye aliyeligusa lile jasho la baridi,
akatupa fagio, akapiga ukelele.

Jumamosi moja ya Mei alikuja, hakukaa.
Akalipindua gauni, ndani nje.
"Fumua."
Nikachukua wembe. Uzi niliouficha mwenyewe
nikautafuta kama mgeni.
Harufu ilitoka kabla ya mfuko.
Alisimama akihesabu mishono kwa sauti
mpaka akapoteza hesabu, akaanza upya.

Nikampima. Thelathini na moja.
Inchi moja imerudi; aliitazama kwenye utepe
kama mtu anayeangalia mshahara wa kwanza.
Ana tarehe ya kliniki, ana vidonge vya vitamini,
ana mama mmoja wa kuongea naye kila Alhamisi.
Mfuko nimeutia guniani pamoja na vipande vya kiuno chake.

Akaondoka, gauni begani, bila kuaga vizuri.
Sijamwuliza lolote.
Dar hii ina mafundi wengi,
na mfuko kama ule
hushonwa kwa nusu saa.