Stakabadhi Namba 999,983

Treni ya Kigoma imekwama Itigi, wamesema kwa simu,
Tabora haifiki kabla ya alfajiri.
Mizigo nimeipima yote. Wa mwisho
ni ndoo sita za asali ya Sikonge, kilo mia moja sitini na nane,
mtumaji Kasele, mpokeaji Butoyi wa Mwanga,
na kitabu kimeupa namba yake:
laki tisa tisini na tisa elfu, mia tisa themanini na tatu.

Karani mwingine angeipita
kama treni inavyozipita stesheni zisizo na chai.
Mimi niligeuza fomu, nikaanza kugawanya mgongoni.

Si shufwa: mbili imekataliwa mlangoni.
Tarakimu zikijumlishwa ni arobaini na saba,
basi tatu nayo ikarudi. Tano haikujisumbua.
Saba iliingia, ikala, ikabakiza tano.
Kumi na moja ikabakiza sita.
Kumi na tatu, kumi.
Kumi na saba, tisa.
Hapo nikachemsha chai.

Mihambo mpagazi akaamka juu ya magunia ya mpunga.
"Dada Kalunde, wafanya nini?"
"Nagawanya."
"Unamgawia nani usiku huu?"
"Bado sijampata."
Akacheka, akajigeuza upande wa ukutani.

Ukifika elfu moja umemaliza,
maana elfu mara elfu ni milioni, nayo hii haikufika milioni;
kama ina kigawo kikubwa huko juu,
mwenzake mdogo yuko huku chini, amejificha.
Na wa kujaribiwa huku chini ni mia moja sitini na nane tu,
sawasawa na kilo za asali.
Nilitazama tena mizani. Haikusema kitu.

Mwalimu Ntahondi alituandikia ubaoni:
namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.
Darasa zima tulilicheka neno.
Nikaja kulisikia tena uani kwa mama mkwe,
Nyamizi akipepeta mchele, uso hakuinua:
"Mwanangu kaoa tasa."
Ungo ukapanda, ukashuka,
makapi yakaniangukia miguuni.

Saa nane, mia moja na tatu.
Saa tisa na nusu, mia tano na tisa. Chai imepoa.
Saa kumi na moja, wa mwisho, mia tisa tisini na saba:
nikamzidisha kwa elfu moja na tatu, akapitiliza kwa nane.
Nane tu!

Tasa, basi.
Mbele yake namba kumi na tisa, zote zagawanyika,
ndipo aje wa aina yake, milioni na tatu.
Na milioni yenyewe, tajiri yule wa sifuri sita,
mfungue: ndani ni mbili sita na tano sita,
tasa watupu, wamebebana.
Kila namba kubwa uliyowahi kuiogopa
imezaliwa nao.
Sijui nani aliwapa jina lile.
Alikuwa na haraka, nadhani.

Honi. Mihambo anabeba ndoo mbili mbili.
Hapa reli hugawanyika, Mwanza, Mpanda, Kigoma,
na asali inakwenda Kigoma na namba yake kifuani.
"Ulimpata wa kumgawia?"
"Hapana. Imebaki nzima."

Dirishani pana mama na godoro, watoto wanne.
Nikafunua ukurasa: themanini na nne mwishoni.
Shufwa. Nikapiga muhuri.
Sikuipima.